Kufundisha Ukuta Usiopigwa Lipu

Somo juu ya majengo katika shule za Kigoma na Ujiji laweza kuanzia kwenye stesheni ya reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo lile la Wajerumani lingali limesimama. Lakini kuta zake zimefunikwa kwa lipu na rangi nyeupe, hata mtoto haoni zimejengwa kwa kitu gani. Kwa hiyo twapendekeza mwalimu aanze na ukuta usiopigwa lipu. Hautafutwi mbali: wanafunzi wetu wengi hulala katika nyumba za matofali ya kuchoma yaliyoachwa wazi.

Hapa yafaa kuwa na hadhari. Mtoto akiambiwa mbele ya wenzake kwamba nyumba yao "haijaisha", hatajibu swali jingine siku hiyo. Mwalimu ajue kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wasanifu mashuhuri wa Ulaya waliacha zege na matofali wazi kwa makusudi. Mtindo huo huitwa brutalizimu. Jina lenyewe halihusu ukatili, bali lahusiana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya zege ghafi. Le Corbusier aliujenga hivyo mjengo mkubwa wa makazi mjini Marseille, uliokamilika mwaka 1952. Kule Hunstanton, Uingereza, Alison na Peter Smithson walisanifu shule, iliyokamilika mwaka 1954, ambamo hata mabomba ya maji yaliachwa yaonekane. (Vioo vyake vingi, hata hivyo, viliwaletea wanafunzi joto kali.) Kwetu upo mfano wa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kazi ya Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuunguzwa na moto Julai 2021. Paa lake lilisanifiwa kama miavuli ya zege iliyopinduliwa, ili ikinge maji ya mvua.

Baada ya maelezo hayo, watoto washike vitu. Watie tofali bichi na tofali la kuchoma katika ndoo mbili za maji. Kufika kesho yake la kwanza litakuwa limemomonyoka; ndipo waelewe kwa nini nyumba ya matofali mabichi yahitaji lipu na upenu mpana, na ya kuchoma yaweza kukaa wazi.

Kisha wachanganye kopo 1 la saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto ndogo, wamimine boriti mbili nyembamba katika vibweta vya mbao. Katika moja walaze nyaya karibu na sehemu ya chini. Boriti ziloweshwe kwa siku saba, ziegemezwe juu ya mawe mawili, na mzigo uongezwe kidogo kidogo katikati. Isiyo na nyaya hukatika ghafla. Yenye nyaya hupasuka lakini hushikilia. Mwalimu asiharakishe jibu. Aulize: kwa nini nyaya chini, si juu? Awape kipande cha ndizi mbichi wakipinde, waone upande gani unavutwa na upande gani unabanwa. Zege huvumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa. Kazi hiyo huachiwa nondo.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mtoto achore ukuta mmoja wa kwao, tofali kwa tofali, akionyesha kiungo cha mstari wa juu kinapoangukia juu ya tofali la chini.