Nishushe bei ya mchele?

SWALI: Nina duka la rejareja Bunju. Jirani kafungua la kwake, anauza mchele kwa bei ya chini kuliko yangu. Nimfuate?

JIBU: Piga hesabu kwanza. Tuseme gunia la kilo 100 kutoka Tandale, pamoja na usafiri, limekugharimu shilingi 240,000. Ukiuza kilo kwa 2,800, faida ni 40,000; ukiuza kwa 2,600, ni 20,000. Umeshusha mia mbili tu, faida imekatika nusu! Gunia lililokuwa likiisha kwa wiki mbili sasa lazima liishe ndani ya wiki moja. Likichukua siku saba kamili, kwa wiki mbili utapata 40,000 ileile, ila umepima mchele mara mbili zaidi. Likiisha kwa siku nne, mtaji uleule unazunguka zaidi ya mara tatu, na hapo kushusha kunalipa.

Bei za mchele na sukari wateja wanazo kichwani, kwa hiyo huko msogelee jirani. Viungo na viberiti hakuna anayevuka barabara kulinganisha, usiguse. Na mchele uliotoka kwa mkopo usiuhesabu kwenye mzunguko mpaka wenye majina daftarini walipe.