Dirisha Lisilo na Mtakatifu: Somo Kutoka kwa Gerhard Richter



Leo tuingie kanisa kuu la Köln, Ujerumani. Ukitazama mkono wa kusini utaona dirisha kubwa la vioo vya rangi. Utamtafuta Bikira Maria, humwoni. Utatafuta mtume hata mmoja, hayupo. Ni vipande vya mraba tu, zaidi ya 11,000, kila kimoja sentimita 9.6 kila upande, katika rangi 72. Basi watu huuliza: hii nayo ni sanaa ya kanisani? Swali halali kabisa. Tulichambue taratibu.

1. Mchoraji na kazi yake

Gerhard Richter alizaliwa Dresden mwaka 1932. Alisomea uchoraji Ujerumani Mashariki, ambako sanaa ilitakiwa kuitumikia itikadi ya chama, yaani picha ikwambie mapema uamini nini. Mwaka 1961 alikimbilia Magharibi.

Anajulikana sana kwa michoro yake ya dhahania, ile isiyoonyesha mtu wala kitu. Alikuwa akipaka rangi ya mafuta kwenye kanvasi, kisha akichukua ubao mrefu mwembamba na kuuburuta juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Rangi ya juu ilivutwa, ya chini ikachomoza, nyingine zikachanganyika. Matokeo hakuweza kuyajua yote mapema. Alisimama, akatazama, akaamua: niache, nikwangue, au niongeze tabaka lingine? Alirudia hivyo mara nyingi mpaka aridhike.

Kwa hiyo usiseme haraka eti "hata mtoto anaweza". Bahati inaleta, lakini mchoraji ndiye anayepambanua. Na kupambanua ni kazi.

2. Dirisha lilivyopatikana

Vioo vya zamani viliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili, vikawekwa vya kawaida. Baadaye wasimamizi wa kanisa walitaka dirisha la wafiadini wa karne ya 20, wakiwemo Maksimiliani Kolbe na Edith Stein, yule mwanafalsafa aliyekuwa mtawa Mkarmeli. Wote wawili walifia Auschwitz. Richter alijaribu, akaona haiwezekani kwake kuchora mauaji yale kwenye kioo. Akarudi kwenye mchoro wake wa mwaka 1974 wenye miraba 4,096 ya rangi, akautumia kama msingi.

Rangi 72 zilichaguliwa kwa kufuata zile za madirisha ya kale. Kompyuta ilipanga miraba kwa bahati nasibu, na sehemu nyingine zikafuata mpangilio huohuo kama kwenye kioo cha kujitazamia. Richter hakudai malipo. Dirisha lilizinduliwa Agosti 2007.

3. Hoja ya Kardinali

Kardinali Joachim Meisner, Askofu Mkuu wa Köln wakati huo, hakulipenda. Alisema lingefaa zaidi msikitini au katika nyumba nyingine ya sala. Tusimbeze. Imani yetu ni ya Neno aliyefanyika mwili. Mungu amechukua uso wa mtu, na ndiyo maana tunachora nyuso.

Lakini kanisa lilelile lina msalaba wa Gero, wa karne ya 10, wenye sanamu ya Kristo aliyekwisha kukata roho. Uso upo. Dirisha halichukui nafasi yake, kwa sababu kazi yake ni kuleta mwanga ndani. Tena mwaka 1248, mwaka ambao jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa Köln akisoma kwa Mtakatifu Alberto Mkuu. Ni Tomaso huyo anayetufundisha kwamba Mungu alivyo hasa hatuwezi kumshika kwa akili zetu. Kanisa linahitaji vyote viwili: uso wa Kristo, na unyenyekevu mbele ya fumbo.

4. Pale picha inaposhindwa

Mwaka 2014 Richter alirudi Auschwitz kwa njia nyingine. Alichukua picha nne zilizopigwa kwa siri na wafungwa wa Birkenau mwaka 1944, akazinakili kwenye kanvasi nne, kisha akazifunika kwa rangi, tabaka juu ya tabaka, mpaka hazionekani tena. Kazi hiyo inaitwa Birkenau. Picha zile zimo ndani, ila hazijageuzwa kuwa maonyesho. Kuna uchungu ambao ukiuchora vizuri mno unaukosea heshima.

5. Na sisi je?

Wengi mnaniandikia: "Frateri, nikikaa mbele ya Ekaristi sioni kitu, sisikii kitu, naacha?" Usiache. Mtume Paulo (Rum 8:26) anasema Roho hutuombea pale tusipojua kuomba. Kaa tu, kama mtu anayekaa chini ya dirisha lile. Huna picha ya kushika, lakini mwanga unakufikia. Na mwenzako akiwa msibani, huna haja ya kumpa maelezo. Kaa naye.

Maswali ya kutafakari wiki hii:
- Je, nasali ili nihisi kitu, au ili niwe na Mungu?
- Ni uchungu gani wa jirani nimeufanya kuwa picha ya kusambaza mtandaoni?
- Ni fumbo gani nalilazimisha lijibiwe leo leo?

Tuombeane. Milele amina.