Somo la Kumi na Nne: Saa za Majini — Viambishi -ki-, -ka- na hu- katika Masimulizi ya Safari

Katika somo lililotangulia tulichambua kiambishi cha wakati uliopita -li-, tukaona kwamba ndicho nguzo ya masimulizi. Katika somo hili tutaona mahali uwezo wake unapoishia. Mfano wetu ni safari ambayo wanachuo wengi wa Kampala wamekwisha kuifanya au wataifanya siku moja: safari ya meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka katika Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Ssese. Kwa ratiba yake ya kawaida meli hung'oa nanga saa nane mchana na hufika yapata saa kumi na moja na nusu. Kati ya gati la kwanza na la pili pana saa tatu na nusu za maji.

Baada ya ziara moja ya mafunzo tuliwataka wanachuo waandike insha fupi juu ya safari hiyo. Mmoja wao, kijana kutoka Mubende ambaye hakuwa amepata kupanda meli maishani mwake, aliandika hivi:

"Tulifika Nakiwogo. Tulipanda meli. Meli iliondoka. Tulikaa. Meli ilifika Lutoboka. Tulishuka. Tulikula samaki. Tulilala."

Upatanisho wa kisarufi ni sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na tahajia pia. Hata hivyo, saa tatu na nusu zimepewa neno moja, "tulikaa", na kumla samaki kumepewa maneno mawili. Tulimwita tukamwuliza yaliyotokea njiani. "Hakuna kitu, mwalimu," alijibu, "tulikaa tu." Tulipomwomba atusimulie kwa Kiganda, alisema kwa robo saa bila ya kupumzika: habari za bibi mmoja na karanga zake, za ndege, za mwalimu wa jiografia na mstari wa Ikweta. Mambo alikuwa nayo. Alichokosa ni maumbo ya kitenzi ya kuyabebea, na kwa kuwa hakuwa na maumbo hayo alikwisha kujisadikisha kwamba hapakuwa na kitu. Mwanachuo huyu miaka miwili baadaye angesimama mbele ya darasa lake mwenyewe. Ndiyo maana hatukuridhika kumpa alama na kumwacha aende.

Soma kifungu kifuatacho, ambacho tumekiandika kwa kukusanya masimulizi ya wanachuo hao. Usiangalie msamiati kwanza, angalia vitenzi.

*Tulipofika Nakiwogo tukakata tikiti, tukapanga foleni, tukapanda ngazi hadi sitaha ya juu. Saa nane honi ikalia, kamba zikafunguliwa, meli ikaanza kujitenga na gati. Hapo mambo ya kufuatana yakaisha. Tulikaa, wengine wakisoma, wengine wakicheza karata, wengine wameegemea ukingo wakiyatazama maji yakifunguka nyuma ya tezi. Bibi mmoja aliyekuwa akirejea kwake Kalangala alikuwa ameketi juu ya gunia, akimenya karanga na kuwagawia watoto asiowajua, akiwatajia jina la kila kisiwa kilichojitokeza. Mbali, upande wa maji makuu, wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wakipanda angani kama moshi wa moto usioonekana. Mnandi walipita chini chini wakiruka kwa mstari mmoja. Hatukuwa tumekwenda mbali sana mwalimu wa jiografia alipotuambia kwamba tunavuka Ikweta. Tukatazama majini. Hapakuwa na mstari. Kicheko kikaenea sitaha nzima, na kwa muda mrefu watu wakawa wakiulizana kama tumekwisha kuvuka au bado, meli ikienda, jua likishuka, chai ikipoa vikombeni. Kisha miti ya Bugala ikaonekana, watu wakasimama, wakatafuta mizigo yao. Honi ikalia tena.*

Msomaji makini ataona kwamba kiambishi -ka- kimesongamana mwanzoni na mwishoni, yaani kwenye magati, na kwamba katikati kinatokea mara chache tu, pale jambo lilipotukia ghafla. Sehemu kubwa ya katikati ni ya -ki-. Hilo halikupangwa kwa ajili ya urembo. Kiambishi -ka- huonyesha matendo yanayofuatana, kila moja likimsukuma mwenzake nje ya mlango. Kiambishi -ki- huonyesha matendo yanayotendeka pamoja na tendo jingine, bila ya moja kulingoja jingine lishe. Bandarini watu hufuatana. Majini watu hukaa pamoja.

Kipimo chepesi ni kubadilisha mpangilio wa vitenzi. Linganisha:

(a) Tulikaa, tukala, tukaimba, tukasinzia.
(b) Tulikaa tukila, tukiimba, tukisinzia.

Katika (a), ukitanguliza "tukasinzia" kabla ya "tukala", umesimulia safari nyingine: watu sasa wamelala kwanza na kula baadaye. Katika (b) unaweza kuvipanga vitenzi upendavyo na maana isibadilike, kwa sababu hakuna aliyedai kwamba kuimba kulingoja kula kumalizike. Wapo waliokuwa wakila huku wenzao wakiimba, na aliyesinzia akaamka akakuta wimbo ungali uleule. Mfanyie mwanafunzi wako kipimo hiki ubaoni kabla ya kumtajia istilahi yoyote. Istilahi zitakuja zenyewe.

Wazungumzaji wa Kiganda wana bahati hapa, ingawa mara nyingi hawaitumii. Mganda asemapo *Twalinnya emmeeri ne tugenda*, ile *ne* ndiyo -ka- yetu: "Tulipanda meli tukaenda." Asemapo *Twalaba abavubi nga basuula obutimba*, ile *nga* inafanya kazi ya -ki-: "Tuliwaona wavuvi wakitupa nyavu." Tofauti ni kwamba katika Kiganda maneno haya husimama nje ya kitenzi, na katika Kiswahili kiambishi huingia ndani, kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayetafuta neno la kusimama nje hulikuta "na", akaandika "Tulipanda meli na tulienda", au hulikuta "wakati", akaandika "Tuliwaona wavuvi wakati walikuwa wanatupa nyavu." Sentensi zote mbili zinaeleweka. Hakuna hata moja inayotembea. Wenye lugha za Acholi, Lugbara au Ateso wafanye ulinganisho kama huu wao wenyewe. Hatutajifanya kuzijua lugha hizo kuliko wanaozizungumza.

Lipo kosa jingine ambalo kwa kweli halitoki nyumbani. Katika kifungu tumeandika kwamba bibi "alikuwa ameketi". Wanachuo wengi huandika "alikuwa anaketi", wakikusudia jambo lilelile. Vitenzi vya mkao, kama vile keti, simama, lala, egemea na shika, vikitumiwa kueleza hali iliyopo huchukua -me-, kwa maana tendo limekwisha na hali yake ndiyo inayodumu. "Alikuwa anasimama" ni mtu aliyekuwa katika tendo la kuinuka, au aliyekuwa na desturi ya kusimama. Kiganda nacho husema *yali atudde*, *yali ayimiridde*, kwa umbo la tendo lililokamilika, sawasawa na Kiswahili. Mwanafunzi anayekosea hapa hakuponzwa na lugha ya mama yake. Ameponzwa na Kiingereza cha shule, na sisi walimu tumekuwa tukiilaumu lugha isiyo na hatia.

Kuhusu vitenzi vya silabi moja tutasema kwa ufupi, kwa kuwa kanuni yake inajulikana. Viambishi -li-, -na- na -me- havibebi mkazo, kwa hiyo huhitaji ku- ya kushikiza: alikula, anakuja, amekunywa. Viambishi -ki- na -ka- hubeba mkazo, kwa hiyo ku- haina kazi: akila, akaja, wakinywa. Mtasikia "akikuja" na "akakula" sokoni na hata maofisini hapa Kampala. Msicheke, lakini msiyaandike.

Ukanushi ndio mahali penye mtego. Umbo la -sipo- ni kanusho la -ki- ya sharti: "Ukiwahi utapata kiti, usipowahi utasimama." Halifai kukanusha -ki- ya matendo yanayotendeka pamoja. Hatusemi "Tulikaa tusipoimba" kwa maana kwamba kulikuwa kimya, tunasema "Tulikaa bila ya kuimba" au "Tulikaa kimya." Kwa upande wa -ka-, kanusho lake katika masimulizi hupatikana kwa hali tegemezi: katika kifungu tungeweza kuandika "Tukatazama majini tusione mstari."

Kiambishi hu- kimetumika mwanzoni mwa somo, tuliposema kwamba meli "hung'oa nanga saa nane". Kiambishi hiki hakina nafsi wala hakina jana: ni cha desturi. Kanusho lake huazimwa kwingine, "meli haing'oi nanga", na mwanafunzi aangalie asichanganye "huenda" ya desturi na "huendi", ambalo ni kanusho la "unaenda", wala na "huenda" yenye maana ya labda. Desturi iliyokwisha hu- haiiwezi. Chukua historia ya ziwa letu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala haikufika mpaka 1931. Katika miaka iliyo kati ya tarehe hizo msafiri wa kuja huku alikuwa akishuka garimoshi Kisumu, akapanda meli, akalivuka ziwa. Tukisema "hushuka" tutakuwa tumewafanya wasafiri hao wawe bado wako njiani. Vivyo hivyo RMS Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikilizunguka ziwa na kutia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, hapo Luzira. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli hiyo ilibaki Tanzania. Kwa mzunguko ule tunasema "ilikuwa ikizunguka", na kila mzee wa Luzira anayeukumbuka husikia tofauti ya maumbo hayo mawili bila ya kufundishwa.

Meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar hukaa majini usiku na mchana kati ya bandari na bandari. Katika ratiba zake kila bandari huandikwa kwa jina, tarehe na saa ya kushuka; siku isiyo na bandari huandikwa "baharini", basi. Ratiba ina haki ya kuandika hivyo, maana kazi yake ni kumzuia abiria asiachwe na meli. Insha haina haki hiyo, na abiria anayelipia siku saba ili azifurahie bandari tatu tu amepunjwa, ila hajui amepunjwa na nani.

Tahadhari moja. Mwanachuo wa pili, baada ya kusikia sifa hizi za -ki-, alituletea insha iliyojaa -ki- toka juu hadi chini: "Tukienda, tukiimba, maji yakimetameta, upepo ukivuma." Insha nzima ilikuwa ikielea. Kishazi chenye -ki- ni tegemezi. Lazima kifungwe kwenye kitenzi kikuu kama mtumbwi unavyofungwa kwenye nguzo ya gati. Rudi kwenye kifungu uone kwamba mfululizo wa -ki- umefungwa kwenye "tulikaa", au "alikuwa ameketi", au "walipita".

Kijana wa Mubende aliirudia insha yake. Hatukuikuta imekuwa ndefu sana. Lakini mahali palipokuwa na "Tulikaa" peke yake, sasa paliandikwa: "Tulikaa, wenzangu wakicheka nami nikicheka, huku nikizihesabu jaketi za kujiokolea zilizopangwa juu ya vichwa vyetu." Sisi tuliokuwa naye sitahani tulimwona akicheka kuliko wote, hatukujua kwamba alikuwa akihesabu. Hofu yake haikuwa ya kitoto, kwa kuwa ziwa hili ndilo lililoimeza MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Na angalia kiambishi. Angeandika "nikazihesabu", angekuwa amehesabu mara moja, akapata jumla, akamaliza. Kwa -ki- alihesabu mpaka Lutoboka.

Zoezi

1. Nakili kifungu cha safari, kisha geuza kila -ki- kuwa -ka-. Msomee mwenzako matokeo. Mwulize safari ilichukua muda gani, kwa kusikia tu.

2. Sahihisha, ukieleza sababu: (i) Nahodha alikuwa anasimama omoni tangu tulipoondoka. (ii) Watoto walikaa wakikula karanga. (iii) Mwaka 1925 wasafiri hupanda meli Kisumu. (iv) Tuliona ndege na walikuwa wanaruka.

3. Mwombe mzee mmoja wa mtaani kwenu akusimulie, kwa lugha yake mwenyewe, safari yoyote ndefu aliyoifanya kwa meli, treni au lori. Usimwulize alikotoka wala alikofika. Mwulize walikuwa wakifanya nini njiani. Andika masimulizi yake kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, uyalete darasani pamoja na orodha ya maneno ya lugha yake yaliyokulazimisha kutumia -ki-.