Ringi Mpya Zinataka Kazi: Kufungua na Kuizoesha Injini ya Pikipiki Nyumbani

Kijitabu cha elimu kwa waendeshaji na wamiliki wa pikipiki za injini ya mapigo manne, cc 100 hadi 150

Kabla hujashika spana

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, kisha ukakatika, mara nyingi sili za valvu zimechoka. Ukitoka kila unapovuta resi mlimani, shuku ringi na bloku. Moshi mweusi ni habari nyingine kabisa: petroli imezidi hewa, na huenda tatizo ni eya klina iliyoziba, wala si pistoni.

Pima kwanza. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni atoe plagi, apime, amimine kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, kisha apime tena. Kompresheni ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Ile oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Kazi hii haichukui hata nusu saa, ilhali wengi hununua pistoni kwanza na kuuliza maswali baadaye.

Kufungua na kufunga

Osha injini kwa nje kabla ya kulegeza nati yoyote, maana chembe ya mchanga ikiingia kwenye bloku italima ukuta wake. Fanya kazi penye kivuli na hewa, mbali na jiko na sigara. Kabla ya kutoa gia ya cheni ya taimingi, zungusha magneti hadi alama ya T ikae mahali pake, pistoni ikiwa juu kabisa, kisha piga picha kwa simu. Picha hiyo haina gharama.

Ukifika kwenye pistoni, ziba mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa safi ndipo uchomoe klipu ya pini. Klipu ikidondokea kule chini, huenda ikabidi injini nzima ishushwe. Klipu zilizotolewa hazirudishwi, funga mpya.

Bloku yenye mikwaruzo au iliyotanuka hupelekwa kwa mchonga vyuma, na pistoni kubwa zaidi hufungwa. Kwa injini nyingi pistoni hizo huuzwa kwa hatua za milimita 0.25: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Mpe mchongaji pistoni yenyewe mkononi, apime kwayo. Asichonge kwa kukisia. Bloku ambayo ukuta wake umepakwa madini magumu ya nikeli haichongwi namna hii, hubadilishwa.

Ukuta uliochongwa vizuri huwa na michoro myembamba inayokatizana. Usiifute kwa msasa ili ing'ae, kwa kuwa ndiyo inayoshika oili na kuzisaidia ringi kukaa. Ioshe bloku kwa maji ya moto, sabuni na brashi hadi kitambaa cheupe kikipita ndani kitoke cheupe. Petroli peke yake haitoshi: huondoa mafuta, lakini vumbi la jiwe la kuchongea hubaki kwenye michoro. Ikikauka, paka oili hapo hapo, kabla kutu haijaanza.

Ingiza kila ringi peke yake ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake. Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha injini. Kwa injini ndogo mwanya wa ringi mpya ya kompresheni huwa karibu na milimita 0.10 hadi 0.30. Mwanya ukikosekana, joto litazifanya ncha zigongane na ringi ikwame au ivunjike. Upande wenye herufi hutazama juu. Mianya ya ringi isilingane, itenganishwe kuzunguka pistoni. Mshale wa pistoni huelekea ekzosi. Palipoandikwa IN huelekea kabureta.

Kaza nati za hedi kwa kukatiza, kidogo kidogo, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe wala usipige kiki: taimingi imekosewa, na valvu itapinda. Nafasi ya valvu rekebisha injini ikiwa baridi.

Kuizoesha

Wapo wanaoiwasha injini mpya na kuiacha ingurume kutwa bila kazi. Tabia hii ina madhara. Ringi haikandamizwi ukutani na mkazo wake tu. Gesi ya mlipuko hupenya nyuma yake na kuisukuma. Injini isipobeba mzigo, msukumo huo ni mdogo, ringi huteleza juu ya oili, na ukuta hulainika kabla ringi haijakaa.

Iwashe nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu ekzosi hutoa gesi ya sumu isiyonusika, nayo huua. Ikipata joto, kagua uvujaji, izime, ipoe. Kisha nenda barabarani: vuta resi hadi nusu hivi, achia kabisa mwendo ushuke kwa gia, rudia. Usishikilie mwendo mmoja muda mrefu, usifungulie resi yote, na mlimani shusha gia mapema.

Mwaga oili ya kwanza ndani ya kilomita 100, ya pili kwenye 500, kwa kuwa hubeba unga wa chuma. Nunua yenye alama ya JASO MA au MA2. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Oili chafu iweke kwenye galoni, isiingie mtaroni.

Hesabu ya bosi

Hapa ndipo injini nyingi huharibika. Imefungwa mchana, jioni inadaiwa hesabu ya siku, na dereva anapakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na gunia la mkaa juu. Lawama si ya dereva peke yake. Mwenye chombo aliyelipia pistoni apunguze hesabu kwa kilomita 500 za kuizoesha injini, ambazo kwa bodaboda wa mjini ni siku chache tu, na makubaliano yaandikwe kabla injini haijafunguliwa. Abiria awe mmoja. Kilomita 500 zikitimia, pima kompresheni na nafasi ya valvu tena, uandike namba na tarehe kwenye daftari la chombo.