Uteuzi wa Huduma ya Wingu kwa Programu ya Rununu: Mfano wa Hazina ya Methali

Makala haya yanadhamiria kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili anayenuia kuunda programu ya rununu ya kuhifadhi methali. Programu ya aina hiyo huwa na pande mbili: upande wa mbele anaouona mtumiaji, na upande wa nyuma ambako data huhifadhiwa na watumiaji kutambuliwa. Aghalabu upande wa nyuma hukodishwa kutoka kwa kampuni yenye seva zake. Hiyo ndiyo huduma ya wingu. Je, mpangaji amteue vipi mwenye nyumba?

Kwanza, azingatie gharama. Firestore, hifadhidata ya Google, hutoza kwa idadi ya nyaraka zinazosomwa, na kiwango chake cha bure ni nyaraka 50,000 kwa siku. Tuchukulie kuwa hazina ina methali 1,000, kila methali ikiwa waraka mmoja. Iwapo programu itazisoma zote upya kila inapofunguliwa, kufunguliwa mara 50 kutakimaliza kiwango hicho. Darasa moja la shule ya upili linatosha! Dawa si kulipa zaidi. Methali zisizobadilika zipakiwe ndani ya programu yenyewe, nayo seva iachiwe yanayobadilika, kama vile michango ya watumiaji. Isitoshe, aliye mahali pasipo na mtandao ataendelea kusoma.

Pili, apime wepesi wa kuhama. Huduma ya Parse iliasisiwa mwaka 2011, ikanunuliwa na Facebook mwaka 2013. Mnamo Januari 2016 ilitangazwa kuwa ingefungwa, na ikafungwa Januari 2017. Wapangaji wake walipewa mwaka mmoja wa kuhama, pamoja na msimbo huria wa kuendeshea seva zao wenyewe. Si kila mwenye nyumba atakuwa na hisani hiyo. Ndiposa huduma kama Supabase, iliyojengwa juu ya hifadhidata huria ya PostgreSQL, ina mvuto: data yake yaweza kuhamishiwa seva nyingine ya PostgreSQL, japo taratibu za kuwatambua watumiaji zitahitaji kazi zaidi.

Tatu, aangalie sheria. Sauti ya mzee iliyorekodiwa pamoja na jina na kijiji chake ni data ya kibinafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kuipeleka data kama hiyo nje ya nchi. Kwa hivyo, ni sharti mtafiti ajue seva ziko wapi, na amweleze mzee kabla ya kumrekodi.

Waama, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Programu iliyopotea yaweza kuundwa upya, lakini mzee aliyekwisha kufariki hawezi kurekodiwa tena. Tunapendekeza basi kwamba, kabla ya kurekodi sauti ya kwanza, mwanafunzi ajaribu kuitoa data yake yote katika huduma aliyoiteua na kuifungua kwingine. Akishindwa, ateue nyingine. Akifaulu, aweke nakala nje ya wingu kila mwezi.