Kingamwili za Ukoo Mmoja: Faida na Hasara Zake

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kukiona kile kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu, kungoja kidogo, kisha mstari wa pili ukitokea mtu hupewa dawa. Wachache huuliza ni nini kinachochora mstari huo. Ni kingamwili za ukoo mmoja. Na kwa kuwa siku hizi zimekuwa dawa pia, yafaa tuzieleze.

Aliyesoma Biolojia anajua kwamba mwili ukiingiliwa na vijidudu, chembe fulani nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani protini zenye umbo la herufi Y, ambazo ncha zake humshika adui kama ufunguo uingiavyo katika kufuli lake. Lakini mwili hutoa mchanganyiko wa namna nyingi. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Bwana Georges Köhler na Bwana César Milstein walivumbua njia ya kupata namna moja tu. Walitwaa chembe ya panya itengenezayo kingamwili, wakaiunganisha na chembe ya saratani. Ya kwanza ina ujuzi, lakini hufa upesi; ya pili haichoki kuzaana. Mtoto wao akarithi yote mawili, na wazao wake, hata wawe mamilioni, hutoa kingamwili ile ile. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Dawa ya kwanza ya namna hii ilikubaliwa Marekani mwaka 1986, kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Ilitokana na panya, nao mwili wa mtu huipiga vita protini ya panya. Basi wataalamu wakajifunza kuzifanya zifanane na zetu.

Mfano ulionivutia zaidi uko kwa jirani zetu. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Miaka mingi baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona, wataalamu, akiwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe, walipata kingamwili iitwayo mAb114. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Waliopewa mAb114 walikufa 35 katika kila 100, na waliopewa REGN-EB3 walikufa 34. Waliofika na virusi vichache damuni, wakapewa moja ya hizo mbili, walikufa kiasi cha mmoja tu katika kila kumi. Maana yake ni kwamba anayemficha mgonjwa nyumbani humnyima siku zile ambazo dawa ingemfaa zaidi.

Lakini Septemba 2022 Ebola ilizuka Mubende, Uganda, na hii ilikuwa ya namna nyingine, iitwayo ya Sudan. Dawa zile mbili hazikuweza kuitibu. Hapa ndipo nionapo hasara iliyo kubwa kuliko zote: kingamwili ya ukoo mmoja humjua adui mmoja tu, na adui akibadili sura kidogo, hupita. Virusi vya korona vilifanya hivyo hivyo, hata dawa kadhaa za kingamwili zikaachwa. Hata kile kipimo cha malaria chaweza kudanganywa, maana huko Eritrea vilikutwa vimelea visivyotoa tena ile protini inayotafutwa, mgonjwa akaonekana mzima.

Tena ziko hatari. Mwaka 2006, mjini London, wanaume sita wenye afya walipewa kingamwili mpya kwa majaribio, kipimo kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Wote sita waliugua vibaya mno siku ile ile, ingawa hakuna aliyekufa.

Iliyobaki ni taabu ya kuzitengeneza na kuzitumia. Hutolewa na chembe hai zinazolishwa na kutunzwa kiwandani, basi bei yake ni kubwa. Hazimezwi, kwa kuwa tumbo lingezimeng'enya kama nyama. Hutolewa kwa sindano au kwa dripu. Na nyingi hutaka baridi ya digrii 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kitandani kwa mgonjwa, kwa hiyo zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa haiwezi kuziweka.