Duka Moja, Daftari Moja

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mapendo, malezi ya watoto na kusameheana. Leo twendeni dukani. Familia nyingi za Kikristo hapa Kenya hula, huvaa na kulipa karo kutokana na kibanda cha mboga, duka la rejareja, cherehani, hoteli ndogo ya chai na mandazi, au pikipiki iliyonunuliwa kwa jasho la watu wawili. Jumapili twasali pamoja katika benchi moja. Lakini je, Jumatatu tunapofungua mlango wa duka, Kristo huingia pamoja nasi, au tunamwacha nje hadi Jumapili nyingine?

Somo la leo ni fupi: biashara ya mume na mke haiwezi kuwa nyofu kwa mteja ikiwa si nyofu kati yao wenyewe. Wanaofichana hela nyumbani, hatimaye watamfichia mteja kipimo.

Mfano wa nyumba moja

Chukueni mfano wa wazazi wawili ambao tutawaita tu Baba na Mama. Wana duka karibu na soko. Wanauza unga, sukari, mafuta ya kupikia, na mahindi ya kupimwa kwa gorogoro. Baba huenda kununua mali, Mama husimama kaunta. Binti yao husaidia jioni baada ya shule, na kuna msichana mmoja waliyemwajiri.

Miaka miwili iliyopita Baba alichukua fedha za karo akamsaidia ndugu yake aliyekuwa na shida. Hakumwambia Mama. Mama alipogundua aliumia sana, lakini hakusema neno. Badala yake alianza kutoa shilingi 200 kila jioni kabla ya mauzo kuhesabiwa, akaziweka katika chama ambacho Baba hakukijua. Alijiambia, "Hizi ni za watoto, zisije zikapotea tena."

Shilingi 200 kwa siku ni kidogo. Kwa siku 300 ni shilingi 60,000. Mtaji ulianza kupungua na Baba hakujua kwa nini. Rafu zilipobaki wazi alichukua mali kwa deni kutoka kwa mwuzaji wa jumla, akaogopa kumwambia Mama, maana alidhani yeye ndiye aliyeshindwa kuendesha biashara. Deni lilipomkaba koo, alilipunguza kwa fedha za mshahara wa msichana wa duka. Nazo zilipokwisha, usiku mmoja alichukua nyundo akagonga kitako cha gorogoro kikaingia ndani, ili kila anayenunua mahindi apungukiwe konzi moja.

Mama aliona gorogoro lile asubuhi. Alinyamaza. Na mwenye deni alipoonekana akija, Binti aliambiwa, "Sema baba amesafiri." Baba alikuwa nyuma ya magunia.

Siku moja mwenye deni alifika Baba akiwa kweli hayupo. Binti akasema kama alivyozoea. Yule mtu akacheka, akamwachia Mama karatasi ya deni: shilingi 60,000. Usiku huo mambo yote yalitoka. Baba aliitwa mwizi wa mishahara, Mama akaitwa mwizi wa mauzo. Binti, aliyekuwa akifanya kazi ya shule pale mezani, akauliza, "Kesho akirudi, niseme nini?"

Hakuna aliyemjibu.

Tujifunze nini hapa?

Angalieni jinsi uovu ulivyotembea. Katika nyumba hiyo hakuna aliyeamka asubuhi akasema, "Leo nitamwibia mjane anayenunua gorogoro moja la mahindi." Siri moja ilizaa nyingine. Karo ilizaa chama, chama kikazaa deni, deni likazaa nyundo. Na aliyelipa yote hayo ni mteja maskini, na msichana wa kazi, na mtoto aliyefundishwa uongo na wazazi waliomleta Ubatizoni. Angalieni pia kwamba fedha za kulipa deni zilikuwa ndani ya nyumba ile ile. Kilichokosekana ni neno la kweli kati ya watu wawili. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakaripia wafanyabiashara waliokuwa wakingoja kwa hamu Sabato ipite ili wauze nafaka kwa kipimo kidogo na mizani ya uongo. Walikuwa watu wa dini. Walishika sikukuu. Lakini wakati wa ibada mioyo yao ilikuwa sokoni, nao walipokuwa sokoni walimsahau Mungu. Na Kitabu cha Methali, sura ya 11, chafundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Mungu. Kwa hiyo kitako cha gorogoro ni jambo la kuungama. Tusidhani ni ujanja wa biashara tu.

Wanandoa wawili wawili katika Biblia

Matendo ya Mitume yatuonyesha ndoa mbili zilizoshika fedha kwa njia mbili tofauti.

Ya kwanza, katika sura ya 5, ni Anania na Safira. Hawa walipatana vizuri sana! Waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya bei, na wote wawili wakasema uongo ule ule mbele ya Mtume Petro. Hapa tunaonywa: haitoshi mume na mke kuwa na neno moja. Mama aliyeona gorogoro na kunyamaza alikuwa na neno moja na mumewe, lakini lilikuwa neno la Safira. Utii wa ndoa haumlazimishi mtu kumsaidia mwenzake kutenda dhambi.

Ya pili, katika sura ya 18, ni Akwila na Priskila. Walikuwa wamefukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakaanza upya Korintho kama wakimbizi wenye ufundi mikononi. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mahema. Mtume Paulo alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Baadaye waamini walikusanyika nyumbani mwao, na wote wawili, mume na mke, walimfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Nyumba yao ilikuwa karakana, na ilikuwa kanisa.

Watakatifu waliokuwa na duka

Tusidhani hayo ni ya zamani za Mitume tu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza pamoja kuwa watakatifu mume na mke, Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa mwaka 1858 katika mji wa Alençon. Louis alikuwa fundi wa saa, naye Zélie alikuwa na biashara yake ya kitambaa cha lesi aliyoianzisha kabla ya kuolewa, akiwapa kazi wanawake wengine. Walizaa watoto tisa na kuzika wanne wakiwa wadogo. Kwa hiyo hawakuwa watu wasioonja taabu.

Louis alifunga duka lake kila Jumapili, ingawa siku hiyo watu wengi wa mashambani walifika mjini na wangeweza kununua. Na mwaka 1870, biashara ya mkewe ilipokuwa imekua, Louis alimwuzia mpwa wake duka la saa akaja kumsaidia Zélie: akashika hesabu na kusafiri kutafuta wateja. Mabwana, tafakarini jambo hilo. Mume mzima aliacha duka lake akaingia katika biashara ya mkewe, wala hakuona kwamba heshima yake imepungua.

Tufanye nini basi?

Kwanza, liwepo daftari moja. Kila jioni, kabla ya kula, Baba na Mama waketi pamoja kwa robo saa. Waandike mambo manne: mauzo ya leo, mali iliyonunuliwa, fedha zilizotoka kwa matumizi ya nyumbani, na madeni, yale tunayodai na yale tunayodaiwa. Malipo ya simu nayo yaandikwe, kwa maana tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 duka linaweza kuhamia mfukoni mwa mtu mmoja bila mwenzake kuona hata senti. Patananeni pia kiasi ambacho kila mmoja atapewa atumie bila kuulizwa. Mtu mwenye chake kidogo kinachojulikana hana haja ya kuficha.

Pili, kazi ya kila mmoja ihesabiwe. Kuna waume wasemao, "Duka ni langu, yeye hukaa tu kaunta." Hata sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yatambua kwamba kuchangia mali si kutoa fedha tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia ni mchango pia. Ikiwa Bunge limeona hivyo, sembuse aliyeapa mbele ya altare?

Tatu, kipimo kiwe cha kweli. Mizani ikaguliwe na maofisa wa vipimo. Gorogoro lililobonyezwa litupwe, lisipewe jirani. Ikiwa hesabu haitoshi kwa kipimo cha kweli, ongezeni bei waziwazi. Mteja anayeijua bei anaweza kuamua. Anayeibiwa kipimo hana la kuamua.

Nne, mfanyakazi alipwe kwanza. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi kubwa. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1991, Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza katika Centesimus Annus kwamba faida ni ishara halali ya biashara inayokwenda vizuri, lakini si ishara pekee. Hesabu zaweza kuwa safi huku watu wa kazi wakinyanyaswa. Msichana wa duka ni binti wa mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa haki ya kupumzika angalau siku moja katika kila siku saba. Mwacheni naye aende Misa.

Tano, watoto wasitumwe kusema uongo. Mtoto asemaye "baba amesafiri" leo, kesho atakuambia "nilikuwa maktaba". Kama una deni, toka nyuma ya magunia ukamsalimu mwenye deni, umwambie kiasi unachoweza na tarehe. Wafanyabiashara wengi watamvumilia mtu anayejitokeza.

Neno kwa wanaoogopa

Twajua kuna akina mama wanaosoma haya wakisema moyoni, "Nikimfungulia daftari, atanywea mtaji wote." Kuna na akina baba wenye hofu ya namna hiyo. Hatuwalaumu. Mwenzako akiwa mlevi, mcheza kamari au mwenye kupiga, kulinda chakula cha watoto ni wajibu, wala si hila. Lakini usilibebe jambo hilo peke yako gizani. Mwone padre, au wazee mnaowaheshimu, au mume na mke wa jumuiya yenu ambao ni wasiri, ili fedha hizo zilindwe na watu wakijua. Na ukipigwa, tafuta kwanza mahali pa usalama.

Turudi kwa Binti

Je, wale Baba na Mama wafanye nini asubuhi? Hawahitaji muujiza. Mama ailete fedha ya chama mezani. Baba aombe msamaha kwa ile karo, maana ndiyo mzizi, naye Mama aombe msamaha kwa zile shilingi 200. Wamlipe msichana kwanza, kisha wapeleke kwa mwuzaji wa jumla sehemu ya deni, wote wawili wakienda pamoja. Gorogoro jipya linunuliwe. Faida itapungua kwa miezi kadhaa, na huenda nyama ikawa ya Krismasi tu. Huo ndio msalaba wa duka. Na Binti aambiwe mbele ya wote wawili, "Akirudi, mwambie baba yupo."

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Je, mwenzangu anajua madeni yangu yote? Kama hajui, naogopa nini?
2. Ni nani anayelipia hasara ya siri zetu: mteja, mfanyakazi au watoto?
3. Je, Jumapili yetu ni siku ya Bwana, au ni siku tunayongoja ipite?
4. Ni jambo gani moja tutakaloanza kuandika katika daftari letu jioni ya leo?

Mkimaliza kuandika, fungeni daftari, shikaneni mikono na mseme pamoja Baba Yetu. Mtakapofika mahali pa kuomba mkate wa kila siku, kumbukeni kwamba kuna jirani anayeuomba mkate huo huo, na kesho asubuhi atakuja kuununua kwenu.